Malalamiko ya Bi Shemsa

Bi Shemsa alivaa kanga zake za harusini, maana kumshtaki jirani ni shughuli. Alimtangulia afisa wa baraza la mji mpaka kwenye nyumba ya magurudumu iliyowekwa uani kwa jirani, eti kwa ajili ya mama yake mgonjwa.

"Mgonjwa mwenyewe hajawahi kuonekana," alisema. "Leo hii nyumba hii ivutwe iondoke!"

Akagonga, akasukuma mlango.

Bi Mwanakheri alikuwa kitandani, upande mmoja wa mwili umepooza, bakuli la uji kifuani.

"Shoga yangu! Nilijua utakuja kunitazama. Mtaa mzima wewe ndiwe wa kwanza. Na huyo ni nani?"

Afisa akafungua kinywa.

"Mwanangu, kanisindikiza tu," Bi Shemsa akawahi. "Baba, nisubiri nje."

Hakuwa amebeba hata chungwa. Akaketi ukingoni mwa kitanda, akachukua kijiko. Nje, afisa alianza kuupima ukuta kwa futikamba. Bi Mwanakheri alifungua mdomo, akangoja. Bi Shemsa akaupuliza uji uliokwisha kupoa, akaendelea kuupuliza.