Tarehe ya Shamsa

Kiti cha Shamsa kilikuwa kitupu. Mwalimu akageukia kadi za malengo alizowabandikisha wanafunzi ukutani.

Juzi binti huyo alimfuata ofisini. “Shikamoo, mwalimu. Naomba nisogeze tarehe ya lengo langu. Ijumaa ni bamvua, bahari inajaa na kutoka kwa nguvu, maji yatavuta sana.”

“Marahaba. Lengo halisogezwi. Ukizoea kuahirisha, utaahirisha hata mtihani.” Alikuwa mgeni hapa kisiwani Chole, akaona anapewa visingizio tu.

Leo ilikuwa Ijumaa. Kwa mara ya kwanza akaisoma kadi yenyewe, si tarehe peke yake: *Kuogelea peke yangu hadi kisiwa cha Juani.*

Akakimbilia dirishani. Maji yalikuwa yakitoka kwa kasi kati ya visiwa viwili. Ufukweni, viatu vyeusi vya shule vilikuwa vimepangwa sawasawa, soksi zimekunjwa ndani.