Barua ya Tatu

Lusekelo, afisa wa wizara ya mambo ya nje, alipofika kwa Bi Mgeni kwa mara ya tatu, hakukaribishwa chai. Alifungua bahasha akasoma barua: ubalozi ulivamiwa na wanamgambo waliojipanga, na Salmini, mume wa Bi Mgeni, alifia kazini pamoja na balozi wake.

“Wiki ya kwanza mlisema ni hitilafu ya umeme,” alisema Bi Mgeni. “Ya pili mkasema ni waandamanaji wenye hasira. Mwanangu, mume wangu amekufa mara ngapi?”

“Mama, habari zilikuja kidogo kidogo. Hakuna aliyejua mapema.”

Bi Mgeni aliweka simu mezani, akabonyeza. Sauti ya Salmini ikatoka, ya chini na ya haraka: “Mgeni, wenye bunduki wako getini. Tangu jana tunaomba walinzi. Nimeongea na Lusekelo wa wizarani, kasema tusubiri.”



“Nilingoja useme mwenyewe,” Bi Mgeni alisema.

Lusekelo aliiweka barua mezani. “Ombi nililipeleka kwa wakubwa, mama. Haki ya Mungu, nililipeleka. Wakaniambia ninyamaze.”

“Basi yaandike hayo.”

Bi Mgeni aliigeuza barua upande usio na maandishi, akamsogezea. Lusekelo akatoa kalamu. Nje, dereva wa wizara akapiga honi, akapiga tena. Ncha ya kalamu ilikuwa imeshagusa karatasi, na doa la wino likaanza kutanuka polepole.