Faili la Nyota

Siku hizi sauti za marehemu wa kila ukoo hutunzwa kwenye kompyuta, kila moja katika faili lenye jina lake. Mtoto aliyefariki kabla ya kupewa jina huandikiwa nyota.

Dada Mwanakheri alitaka kumsikia mwanawe, aliyeishi siku mbili. Nikaandika:

ita *

Nilisahau alama za kunukuu. Bila hizo, nyota huita wote.

Kichanga kikalia. Mara sebule ikajaa sauti za mabibi na mababu, zilizorekodiwa miaka mbalimbali, zote zikimbembeleza. Akanyamaza.

“Nimekosea, dada. Subiri.” Nikaandika upya:

ita "*"

Mtoto akalia peke yake, akalia sana.

“Mdogo wangu,” dada akanong'ona, “zitoe hizo alama.”