Jina Chini ya Tusi

Tusi jipya liliingia Laurentine akiwa anasonga bukari. Namba ileile isiyo na picha wala jina, ndani ya groupe ya WhatsApp ya majirani wa Katuba: «Bénie anaolewa Jumamosi? Bamuulize kwanza ile mimba alitupa wapi.»

Mwiko ukabaki umesimama ndani ya sufuria.

Rigobert, mchumba wa Bénie, alikuwa kwenye groupe hiyo. Mama yake pia, na shangazi zake wote. Tangu matusi yaanze, ukoo ule haukupokea tena simu, na mahari ilikuwa bado kuletwa.

«Ni Christiane,» Laurentine akasema. Jirani huyo alimtaka Rigobert kwa binti yake mwenyewe, mtaa mzima ulijua. «Nitamuvua nguo mbele ya bantu.»

«Achaka, mama,» Bénie akasema, mikono ndani ya maji ya sahani. «Ndoa ikikufa, ikufe.»

«Nyamaza. Weye hata kulia haujue. Nitalia kwa ajili yako, na ule mwanamuke atalia kunipita.»

Akamtafuta Casimir, fundi wa telefone na kompyuta kule mtaa wa Kenya. Casimir akamtengenezea mashine, programu ya kukaa ndani ya groupe. Ikiona tusi, yenyewe inakwenda palepale kuuliza kwenye huduma ya kutuma pesa kwa simu: namba hii imeandikishwa kwa jina la nani? Inarudi na jibu, inaliandika chini ya tusi. Haimngoji mtu.

«Tujaribu kwanza kwa telefone yangu, mama Bénie, tuone inaleta nini.»

«Hapana. Ijaribu mbele yabo bote. Lile jina nataka kulisoma pamoja na bengine.»

Ijumaa alivaa kikwembe kipya, akaketi kwenye barza, mkabala na mlango wa Christiane. Akaandika kwenye groupe: «Weye mutukanaji, kama hauogope, sema tena. Leo Katuba yote itakujua.»

Christiane ndiye aliyejibu wa kwanza: «Shiye pia tunangoja, mama Bénie. Utuonyeshe.»

Muone anavyojikaza, Laurentine akawaza, na moyo wake ukapata utamu. Akamwita Bénie aje kuona. Bénie alikuwa chumbani, hakuitika.

Tusi likaja. Refu, chafu kupita yote. Mama wa Rigobert alikuwa anasoma, na shangazi wote. Mashine haikuchelewa hata pumzi moja:

«Mwenye namba: Laurentine Mutale.»

Ikaendelea kuliandika jina hilo chini ya matusi yote ya nyuma, moja baada ya jingine, na Laurentine akakumbuka siku alipotoa kadi yake ya mpiga kura dukani kuandikisha namba zote mbili, akimnunulia Bénie simu ya SIM mbili, kwa kuwa mtoto hakuwa bado na kadi yake.