Mkono wa Kubebea Magogo

Siku hizi trekta halifungwi kucha la chuma la kunyanyulia magogo. Linafungwa mkono wa nyama uliooteshwa kiwandani. Nilikwenda Mafinga kuchagua wa kutolea magogo kwenye shamba letu la misonobari. Mikono ilikuwa imening'inizwa kwenye kulabu kama buchani, mikubwa, ina vinyweleo, na duka zima linanuka kikwapa.

"Ushike, mama, kama unausalimia," muuzaji akaniambia.

Nikashika kidole. Kilikuwa na joto na jasho. Nilijifuta kwenye kitenge mpaka ngozi ikaniuma.

"Ule mnene utalibinua trekta lako dogo. Chukua huu mwembamba."

Nikauchukua. Kazi unafanya, sitasema uongo. Lakini kila Jumamosi naukata kucha kwa panga, na uozo unaotoka chini yake hunirudishia chai kooni. Mume wangu, Lutengano, hata haoni kinyaa. Anaupaka mafuta.

Jana mchana aliegesha trekta kando ya mkeka tulioandalia chakula uani. Nilipoleta maji ya kunawa, mkono ukajisogeza, ukakinga kiganja.

"Mnawishe na mwenzetu," Lutengano akasema, anacheka.

Nikamwaga maji huku nimegeuza uso. Nilipotazama tena, ulikuwa umeubeba ugali wote, umeufinyanga tonge, na kulibonyeza shimo kwa dole gumba, tayari kuchota mchuzi.

Lutengano akaacha kucheka. Tonge la namna ile mtu hufundishwa na mama yake, si kiwandani.