Mringaringa wa Mjukuu

Kibali kilifika asubuhi, mtoto akazaliwa adhuhuri, na Bibi Namkunda akapiga vigelegele kwa yote mawili. Mringaringa wa nyuma ya nyumba ulikuwa umeidhinishwa na Mamlaka ya Kaboni kufyonza pumzi za mjukuu wake maisha yake yote. Pasipo mti, mtoto haandikishwi.

Akachukua jembe, akazika kondo la nyuma chini ya mti huo huo, kama lake mwenyewe lilivyozikwa zamani. Sasa mtoto na mti wamefungana, akajisemea.

Kabla jua halijazama, afisa wa Mamlaka akabisha hodi.

"Shikamoo, bibi. Nani kachimba pale shinani?"

"Marahaba. Ni mimi. Nimezika kondo la mtoto."

Afisa akatazama simu yake, akatikisa kichwa. "Udongo ukifukuliwa, hewa ya kaboni iliyolala humo hutoka. Kibali kimejifuta chenyewe."

"Basi tupeni mti mwingine."

"Foleni ni ya miaka miwili, bibi."

Ndani, mtoto akaanza kulia kwa nguvu zake zote. Afisa akaielekeza simu mlangoni, ikaanza kuhesabu pumzi.

"Eliaichi!" Bibi alimwita mkwewe. "Mnyonyeshe, mwanangu. Asipumue sana hivyo."