Mkono wa Muuza Maji

Maji yaligonga kitako cha ndoo kwa kishindo, mtaa mzima ukajua kuwa lori la Tindwa limefika. Alikuwa mfanyabiashara wa maji kabla ya kuchaguliwa mbunge, na bado alishika mpira wa maji mwenyewe. Kesho bunge lingepiga kura: mji uletewe mabomba, au watu waendelee kununua maji kwenye malori kama lake.

Ndoo ya Bi Sikudhani ilipobakiza vidole viwili kujaa, mkono wa Tindwa ukafunga koki.

“Mheshimiwa, suti ni mpya, mkono ni ule ule,” alisema bibi, foleni ikacheka. “Tangu niolewe, ndoo yangu haijawahi kulowa mdomo. Mkono huo ndio utakaonyooshwa kesho?”

Tindwa hakucheka. Aliutazama mkono wake, kisha akafungua koki tena. Maji yakapanda, yakafurika, yakalowesha viatu vyake vya bungeni.

“Yatosha, mwanangu, unamwaga!”

“Kesho, mama, mbele ya wabunge wote,” alisema, mkono ungali kwenye koki, “nitaunyoosha upande wa mabomba.”